Mdudu Mwenye Mguu Mrefu

Kanisani kwetu kuna watu wanaosema nimesamehe. Wananiona Jumapili nimekaa benchi moja na yule mama, tumeshika kitabu kimoja cha nyimbo, wanadhani mambo yameisha. Sijasamehe. Tunashika kitabu kimoja kwa sababu yeye ana macho na mimi nina sauti, basi. Mengine yako palepale. Nayaandika leo nikiwa na nguvu zangu, maana nina wajukuu kumi na mmoja, wote wana adabu, na sitaki waje kusimuliwa habari zangu na mtu mwingine.

Huyo mama ni jirani yangu. Hapa mtaa wa Ziwani nyumba zetu ziko safu moja, mlango wangu na wake imetenganishwa na mfereji wa maji, bomba la safu nzima, na kamba ya kuanika nguo. Tulikuja hapa tukiwa maharusi. Mume wangu alitoka magharibi kama mimi, akafanya kazi ya mkono kiwandani mpaka kifua kikamshinda. Mume wake ni mchongaji kutoka Ukambani, anachonga twiga na ndovu, na hata leo ukipita mlangoni kwao unakanyaga vumbi la mti. Watoto wetu walikula sahani moja. Nikiishiwa na chumvi sikubisha hodi kwake, niliingia tu nikachota.

Na ni mimi niliyempeleka kwenye chama. Hilo lishikwe mapema.

Chama chetu ni cha kudarizi. Alhamisi saa nane mchana tunakutana katika chumba cha nyuma cha ukumbi wa mtaa, wanawake kama ishirini. Wengine wanatoka Mukuru kwa Reuben siku ambayo kiwanda hakikuwaita. Wengine wanapanda kwa miguu kutoka Mathare, vitambaa vyao wamevifunga kwenye leso ili vumbi lisiingie. Tunashona vitambaa vya makochi, vya meza, vya kufunika redio hata kama redio yenyewe ilikufa zamani. Kwetu sisi kochi lisilo na kitambaa ni kama mama aliyetoka nje na shimizi.

Tunaanza kwa sala, halafu chai, halafu sindano. Tuna miwani moja tu ya chama, ya kutungia uzi. Inazunguka kutoka pua hii hadi pua ile. Wale wachache ambao macho yao bado yanafanya kazi huwatungia wengine sindano tano tano, wanazichoma kwenye kipande cha godoro na kutupitishia kama njugu. Sasa mikono ikishashika kazi, midomo nayo inaanza. Kuna mama mmoja wa Mukuru, kiwanda kikimwita hupakia sabuni, na asipoitwa hutupakia sisi maneno.

“Mkwe wangu amenunua kochi la ngozi,” alituambia siku moja. “Ati kitambaa hakiwezi kukaa juu yake, kinateleza.”

“Mwambie akalie hivyohivyo,” nikasema. “Joto likija litamshika mapaja.”

Tulicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza kwa kifuniko cha birika. Mwenyekiti wetu ni mjane mrefu aliyekuwa mpishi wa shule, na anapenda sheria kuliko anavyopenda watu.

Sheria za chama si nyingi. Kitambaa cheupe kinakatwa kutoka kwenye robota la chama, na anayekiharibu anasema Alhamisi inayofuata, mbele ya wote. Halafu kuna sheria ya maua. Ua la mtu ni la mtu. Ukilitaka unakwenda kwake na sukari na majani ya chai, unamwekea mapajani. Akipokea kwa mikono miwili, ua umepewa, unaweza kushona. Akiacha vitu vikae hapo, chukua vitu vyako uende. Na ukiiba ua, unaketi kwenye kigoda katikati ya duara na mkasi mdogo, unalifumua uzi kwa uzi, na wengine wanaendelea kushona na kuongea habari zao kama vile hupo. Asiyekubali kufumua, chama si chake tena.

Sasa mimi sitegemei karatasi ya kaboni wala michoro ya kununua. Nilifika darasa la tatu, na kitu nilichotoka nacho huko ni penseli. Wenzangu walikuwa wanashona mawaridi, mawaridi, mawaridi. Waridi nani amelilima hapa? Mimi nikachora ua la malenge kama lilivyo kwetu asubuhi, limefunguka lote, la manjano, na vikonyo vyake vinajisokota pembeni. Nilikata kitambaa cha kwanza katika seti ya vitambaa sita, nikaanza. Nilijua nina kitu.

Ua lilipokaribia kuisha nikataka kukinyoosha. Stima ilikuwa imepotea, nikatoa pasi ya makaa. Nilikuwa naipuliza, cheche ikaruka, ikatua kando ya petali. Nilipoipangusa ilikuwa imeshakula. Tundu kama punje ya mahindi, na kutoka kwenye tundu alama ya kahawia inakwenda kwenye petali kama mkia.

Kitambaa cha chama. Na ni mimi niliyekuwa nikiwafundisha wengine kupiga pasi.

Sikusema. Nakubali, sikusema. Nilikata kipande kwenye pindo la shimizi langu kuukuu la bluu, nikakiweka kwa nyuma kama kiraka, na juu yake nikashona mdudu. Mdudu mweusi wa mviringo, mgongo una madoa mekundu, pembe mbili ndogo mbele. Nilimjaza nyuzi nzito nzito ili bluu isionekane. Na mguu mmoja wa nyuma, wa kushoto, nikaurefusha kupita miguu mingine yote, ukapanda mpaka juu ya petali, maana huko ndiko mkia wa moto ulikokuwa umefika. Nilipomaliza, mdudu alikuwa amependeza kuliko ua. Hilo lilinikera kidogo.

Nilikuwa bado sijakionyesha kwenye chama nilipopata habari kwamba dada yangu amefariki huko nyumbani. Mvua zilikuwa zimeanza na paa langu lilikuwa linavuja juu ya sanduku. Nikachukua kitambaa nikavuka kamba ya nguo.

“Niwekee hiki mpaka nirudi,” nikamwambia jirani yangu.

“Lete, dada,” akasema. Alikifungua, akakitazama muda mrefu. “Hiki hapa hakitadondokewa hata na jasho. Nenda ukamzike dada yetu.”

Dada yetu, alisema.

Nilikaa huko wiki tatu. Niliporudi alikuja mwenyewe na kitambaa kimekunjwa vizuri, na sahani ya ugali na mboga juu yake. Nilikula. Wakati wa kukikunjua niliona juu ya nyuzi kumepakaa weusi kidogo, kama masizi. Nilidhani ni moshi wa jikoni. Sikujua wakati huo kwamba kuna watu wanaoweka karatasi juu ya darizi iliyokwisha, wakasugua kwa polishi ya viatu, na kila uzi ukatokea kwenye karatasi kama alama ya kidole.

Alhamisi nikaenda. Walinipa pole, tukaomba, tukanywa chai. Nikatoa kitambaa changu nikakitandaza mezani kwa majivuno, sitaficha. Nilingoja waseme kitu.

Yule wa Mukuru, ambaye hakosi neno, aliinamisha kichwa akawa anatafuta kitu kwenye mkoba wake.

“Mama,” mwenyekiti akasema, “hilo ua umelitoa wapi?”

“Kichwani mwangu.”

Mwenyekiti akafungua sanduku la chama, akatoa kitambaa kingine, akakiweka kando ya changu. Ua la malenge. Vikonyo vinavyojisokota. Mdudu mweusi mwenye madoa mekundu. Jirani yangu alikuwa amekileta wiki mbili kabla, akakionyesha kama chake, na tayari akina mama wawili walikuwa wameshampelekea sukari na majani.

Nilimtazama. Yeye alikuwa anatazama sindano yake.

“Msimwonee,” akasema, taratibu, sauti ya mtu anayeniombea. “Dada amefiwa. Huzuni humchanganya mtu. Labda alikiona kwangu kabla hajasafiri, akadhani amekiota.”

Angenitukana ningemjibu. Lakini alinihurumia mbele ya watu kwa kitu alichoniibia mwenyewe. Mwenyekiti alivuta kigoda kwa mguu akakiweka katikati. Aliweka mkasi juu yake.

“Sheria ni sheria, mama. Fumua, kisha tunywe chai ya pili.”

Nilikunja kitambaa changu, nikatoka. Nyuma yangu nikasikia kigoda kikirudishwa ukutani.

Nyumbani nikaketi mlangoni, kitambaa mapajani. Kidole gumba changu kilikuwa kinampapasa yule mdudu bila mimi kufikiri, na chini yake kikagusa ukingo wa kiraka. Hapo ndipo akili ikanirudia. Wangu anafunika tundu. Wake anafunika nini?

Kulikuwa bado mchana. Walikuwa bado hawajainua vikombe vya chai ya pili. Nilisimama. Nilifika mpaka kwenye mfereji. Halafu nikarudi nikaketi.

Nitaeleza kwa nini, na mwenye kunihukumu anihukumu. Kwanza, ili kumshika ilibidi niseme nilichoma kitambaa cha chama nikanyamaza. Lakini hilo lilikuwa dogo. Kubwa ni hili: kama ningerudi saa ile, angelia, angesema shetani alimpitia, wangeimba ubeti mmoja wakamkumbatia, na wiki inayofuata tungekuwa wote tunapitishiana miwani. Mimi sikutaka alie kidogo. Nikasema, acha ashone. Acha amshone huyo mdudu mpaka mtaa mzima umjue kuwa ni wake.

Naye alishona, miaka miwili. Mdudu wake alikwenda mtaa wa Kaloleni, akaenda Jericho, akaenda Makongeni. Harusi ikiwa karibu, mama wa bwana harusi anataka seti yenye mdudu. Watu wakaanza kumwuliza kwa nini mguu mmoja ni mrefu, naye akapata jibu. Alisema ni mdudu msafiri, anaburura mguu kwa uchovu lakini hasimami, kama sisi wazee tunaoelekea mbinguni. Aliyasema hayo mpaka kwenye ushuhuda kanisani. Watu walipangusa machozi. Mimi nilikuwa benchi la nyuma, nikasema amina kwa sauti kubwa.

Msidhani miaka hiyo ilikuwa rahisi kwangu. Kudarizi peke yako si kudarizi, ni kushona tu. Macho yangu hayaoni tundu la sindano, na miwani ya chama ilikuwa ya chama. Nilikuwa nasimama mlangoni na sindano mkono huu na uzi mkono ule, ninamwomba anayepita. Muuza maji alinitungia. Fundi wa viatu alinitungia. Mchungaji alinitungia, akaniombea juu ya sindano. Siku nyingine hapiti mtu anayeona vizuri, kazi inalala.

Na mjukuu wangu wa sita, msichana wa miaka saba, aliniuliza mfereji ukiwa umejaa watu na mitungi: “Shosh, ati uliiba maua? Kwani maua huibwa?” Wanawake waligeuza nyuso wakacheka ndani ya leso. Nilimwambia ajaze mtungi. Lakini neno lile nililiweka mahali, pamoja na mengine.

Mtu mmoja tu alijua. Siku moja nilikuwa nimekifua kitambaa changu nikakianika, na mume wake alikuja kwenye mfereji kuosha patasi. Mzee yule ni mpole, maneno yake ni ya kuhesabu. Aliona kitambaa, akakausha mkono kwenye suruali, akampitishia mdudu kidole gumba.

“Mama, huyu wako amelala juu ya kitu.”

“Hajalala juu ya kitu, mzee.”

“Mimi mti ukinipasukia mgongoni kwa ndovu, nachonga jani hapo,” akasema. “Wazungu hupenda sana yale majani.” Akacheka peke yake. Halafu akaacha kucheka. “Nilimwambia wangu huyo mdudu amwache, ashone ua peke yake. Akaniambia nishughulike na ndovu.”

“Utamwambia?”

Aliokota patasi zake moja moja. “Nakula chakula chake, mama. Na chako nilikula zamani. Mimi nitachonga tu.”

Basi nikangoja. Siku ilipokuja, ililetwa na yule mama wa Mukuru, ambaye alikuwa bado ananipitia nyumbani, huja na maneno na huondoka na chai.

“Wameamua ua la malenge liwe ua la chama,” akaniambia. “Litashonwa kwenye bendera yetu, na kila mwanachama mpya ataanza nalo. Jirani yako anafanywa mwalimu wake. Jumamosi. Vikundi vya mitaa mingine vimealikwa.”

“Na mdudu?”

“Mdudu ndiye wanayemtaka hasa.”

“Vizuri.”

“Mama, mbona unacheka?”

“Sicheki. Ni meno tu yanapunga upepo.”

Jumamosi nikavaa gauni langu la kanisani. Kwenye mkoba nikatia kitambaa, na chini ya kitambaa nikatia kitu kingine. Ukumbi ulikuwa umejaa. Walikuwa wamefunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta na kuangika seti zake. Niliona wadudu mpaka nikachoka, wote wanaburura mguu wa kushoto. Yeye alikuwa mbele, kwenye kiti chenye kitambaa, leso mpya mabegani. Mume wake alikuwa amesimama karibu na mlango. Aliponiona alivua kofia.

Nilitembea katikati mpaka mezani kwa mwenyekiti.

“Mama, leo tuna wageni,” mwenyekiti akaniambia kwa sauti ya chini.

“Nimewaona. Mimi nina adhabu ya chama ambayo sikuitumikia. Nimekuja kufumua.”

Nilijua hawezi kukataa. Mpishi wa shule, mtu wa sheria, unamletea sheria mkononi mbele ya wageni, atafanya nini? Alivuta kigoda. Alitoa mkasi. Nikaomba na miwani, nikapewa, na nikwambie, kuivaa tena miwani ile kulinipa raha kuliko nilivyotarajia.

Jirani yangu akainuka nusu. “Dada, si lazima,” akasema. “Mimi nilishasamehe.”

“Kaa chini,” nikasema. “Sijafika kwako.”

Nilianza na pembe. Halafu kichwa. Nikakata mgongo, nyuzi nyeusi zikaanguka kwenye gauni langu kama nywele kinyozini. Kwa sheria walitakiwa kuongea habari zao, lakini hakuna aliyeongea. Mguu mrefu niliuacha wa mwisho. Nilipouvuta wote kwa mara moja, petali ikaonekana na chini yake mkia wa kahawia. Nikafumua kiraka. Kikadondoka kipande cha bluu. Nikainua kitambaa juu, nikapitisha kidole kwenye tundu ili hata wa nyuma waone.

“Hapa nilichoma kitambaa cha chama kwa pasi ya makaa,” nikasema. “Sikusema. Hilo ni kosa langu na mniadhibu mnavyotaka. Mdudu nilimweka afunike tundu, na mguu nikaurefusha ufunike moshi. Sasa mwulizeni yule pale, wake anafunika nini.”

Halafu yeye akajaribu, lazima nimpe hilo, alijaribu.

“Umekichoma baadaye,” akasema. “Umekichoma jana ili uje kuniaibisha.”

Mwenyekiti alikuwa ameshakichukua kitambaa, anakitazama kwa nyuma, na akina mama wawili wamemwinamia begani. Watu wa sindano hawahitaji kuambiwa. Waliona mashimo ya sindano yamepita kwenye kiraka, moja kwa moja, yanafuata mgongo wa mdudu. Lakini mimi nilitaka na wasioshona waelewe. Nikaingiza mkono kwenye mkoba, nikatoa shimizi.

Ndiyo, shimizi langu, la bluu, kuukuu, lastiki imelegea, nililishika juu mbele ya ukumbi mzima na wageni wa mitaa mingine na wazee wawili wa kanisa. Pindo lina pengo. Nikaweka kipande kwenye pengo, kikaenea.

“Hili tulilinunua sokoni Gikomba siku moja, mimi na wewe,” nikamwambia. “Mimi bluu, wewe pinki. Sema hulijui.”

Yule wa Mukuru akashindwa, akacheka, na kicheko kikashika ukumbi. Sikujali. Wacheke shimizi. Hawakunicheka tena kama mwizi.

Mwenyekiti hakucheka. Aliuchukua mkasi kwenye goti langu, akatembea mpaka mbele, akauweka kwenye kiganja cha jirani yangu na kukifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

Nilimwachia kigoda kikiwa bado na joto langu.

Alifumua mdudu wa kwanza. Chini yake kulikuwa na nini? Hakuna kitu. Kitambaa kizima, cheupe, na vitundu vya sindano tu. Alikuwa ameshona kiraka mahali ambapo hapakuchanika, na mguu mrefu wa kufunika moshi ambao haukumfikia. Watu walisogea kuona, na kila aliyeona alirudi mahali pake akitikisa kichwa. Nadhani hapo ndipo na yeye alipoelewa. Hakuwa amemjua mdudu yule hata siku moja. Aliambukizwa tu, kama mafua.

Mwenyekiti aligeuka kwangu. Sheria inampa aliyeibiwa ruhusa ya kusema inatosha.

“Mama, inatosha?”

“Bado kuna zile za kwenye kamba,” nikasema.

Wakaziteremsha. Alifumua. Wageni wakapewa chai, wakala mandazi, wakaanza kuongea habari zao, maana sheria ni hiyo. Alifumua mpaka wageni wakaondoka. Mimi nilikaa mbele yake nikanywa vikombe viwili na cha tatu nikakipoza polepole. Yule wa Mukuru aliniinamia sikioni.

“Haki, mama, hata kiwandani kuna mapumziko.”

“Nenda kapumzike,” nikamwambia.

Alipomaliza mdudu wa mwisho, mume wake aliingia, akamwinua, akabeba mkoba wake. Hakuniangalia. Hilo liliniuma kidogo. Sio sana.

Chama kilinirudisha. Kwa kosa la pasi walinipa kuosha vikombe miezi mitatu, na nikaviosha. Mjukuu wangu wa sita nilimpeleka mferejini watu wakiwa wamejaa, nikamwambia aniulize tena lile swali lake kwa sauti. Aliuliza. Safari hii hakuna aliyecheka ndani ya leso.

Halafu, wiki kadhaa baadaye, nikasikia hodi. Yeye, ambaye hakuwahi kubisha hodi kwangu tangu tukiwa maharusi. Alisimama mlangoni na sukari na majani ya chai, vyote kwenye mfuko mmoja. Nilikuwa na sindano mkononi. Niliendelea mpaka uzi ulipoisha. Ulikuwa uzi mrefu.

“Nimekuja kuomba ua,” akasema.

“Ua gani?”

“La malenge.”

“Ingia.”

Aliniwekea mfuko mapajani. Nilimwacha auangalie ukikaa hapo. Kisha nikaupokea kwa mikono miwili.

“Ua chukua,” nikasema. “Mdudu hatoki hapa.”

“Dada, watu wanamtaka mdudu. Ua peke yake hawalichukui.”

“Najua.”

“Basi ninashona nini?”

“Wangu alizaliwa na moto,” nikamwambia. “Ukimtaka wako, washa pasi, choma kitambaa chako mwenyewe, na Alhamisi usimame useme umechoma. Mimi nitakuwepo kusikiliza.”

Hajachoma mpaka leo. Anashona maua ya malenge yasiyo na mtu juu yake, mazuri tu, mkono wake si mbaya. Alhamisi tunakaa ubavu kwa ubavu kwa sababu ndiye mwenye macho, na ndiye anayenitungia uzi mweusi. Nikimaliza mmoja ninamnyooshea sindano bila kumtazama, naye anatunga. Kile kitambaa chenye tundu sijakiziba. Nimekitandika kwenye kiti kilicho karibu na mlango, kiti cha wageni, na yeye akija hukaa ukingoni.

Watu bado wanakuja kutoka mitaa mingine kumwulizia yule mama wa mdudu. Wanaanzia kwake, maana kwa miaka miwili ndiko walikokuwa wakienda. Asubuhi nikiwa nimekaa ndani nasikia wakimbishia hodi, wakimwuliza, na yeye anachelewa kujibu. Huwa nasimamisha sindano nisikie vizuri.

“Sio hapa,” anasema. “Ni mlango ule.”